Tajiri wa dunia akitoa anapigiwa makofi, mimi wa duka la sare wateja wanahamia kwenye apu. Naombeni mawazo

Mama Sare (Majengo)

Habarini za usiku wana jukwaa. Me ni mama, nina duka la nguo za watoto na sare za shule hapa Dodoma mjini jirani na soko la Majengo, huu mwaka wa 11. Naandika usiku mana mchana sipati nafasi, mkiona naruka ruka mnivumilie.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu ile harusi ya Jeff Bezos kule Venice, Juni 2025. Binti yangu ndo alinionyesha kwenye simu, maboti, ndege binafsi, wageni maarufu, na magazeti yakaandika kwamba zimetumika dola makumi ya mamilioni. Nikamuuliza uyu baba anauza nini, akasema mama huyu anauza kila kitu, ndo alieanzisha Amazon. Nikanyamaza. Mana na mimi nauza, ila nauza sweta, soksi, sketi za marinda na kaptula za kaki.

Nikachukua kalamu. Utajiri wa huyo bwana unatajwa ni zaidi ya dola bilioni 200, nikaweka dola ni shilingi 2,500 ili hesabu isinishinde, ikaja trilioni 500. Bajeti ya nchi yetu nzima ya 2025/26 ni trilioni 56 na ushee. Yani hapa hapa mjini kwetu wabunge wanakaa kuanzia Aprili mpaka Juni wanabishania barabara, dawa, madawati na mishahara ya nchi ya watu zaidi ya milioni 60, na kuna mtu mmoja ana karibu mara tisa ya wanachokibishania. Bado bilioni sikuielewa, binti akanisaidia, akasema mama sekunde milioni moja ni siku 11 na nusu, sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Apo ndo nikashtuka, mana miaka 32 nyuma mimi nilikuwa shule ya msingi Mpwapwa.

Alafu kuna hili la kutoa. 2020 alitangaza dola bilioni 10 kwa ajili ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi, 2022 akasema atagawa sehemu kubwa ya mali yake akiwa hai. Dunia ikamsifu. Sasa kanisani kwetu Jumapili moja tulikuwa na harambee ya bati, mgeni rasmi akatoa milioni 5, tukasimama wote, vigelegele, picha. Benchi la nyuma yangu kuna bibi anauza mlenda mkavu na ubuyu pale nje ya soko, alitoa 2,000 na mimi najua ile ndo ilikuwa hela yake ya unga, mana asubuhi yake alikuja kunikopa kibaba. Hakuna alieinua hata kichwa. Nilirudi nyumbani nimekosa raha kabisa.

Na la mwisho ni la dukani. Januari ndo mavuno yetu sie wa sare, na Januari hii mama mmoja mtu wa heshima zake kamjaribisha mtoto viatu jozi tatu dukani kwangu, akapata saizi, akapiga picha lebo, akasema ngoja nirudi. Kesho yake mfanyakazi wake akaniambia wameagiza kwenye apu, kule ni pungufu elfu 6. Sikumchukia jamani, na yeye anatafuta unafuu, hata mimi simu yangu hii niliagiziwa.

Kwaiyo naulizeni. Hivi mtu mmoja kuwa na mali kiasi kile ni sawa tu mradi anatoa? Na ile sadaka yake tuipime kwa nini, kwa alichotoa au kwa kilichobaki? Na sisi tunaonunua huko kila siku, je si ndo tunaomjazia? Nijibuni kwa moyo.

Mkaguzi wa Mtumba

Dada yangu pole na hongera, miaka 11 kwenye biashara Dodoma sio mchezo. Ila niruhusu nikupinge kidogo mana hesabu ndo kazi yangu.

Zile trilioni 500 hazijakaa kwenye chumba. Ni hisa. Jamaa alianza 1994 kwenye gereji ya nyumba ya kupanga, 1995 akaanza kuuza vitabu kwenye intaneti, watu walimwona kachanganyikiwa kwa kuacha kazi nzuri ya New York. Leo kinachoitwa utajiri wake ni bei ambayo watu sokoni wako tayari kulipa kwa kipande chake cha kampuni, bei ikishuka asubuhi anaamka ana pungufu ya mabilioni na hakuna maskini alieongezewa hata senti. Kwahiyo kusema amebeba bajeti yetu mara tisa ni kulinganisha hela ya matumizi na bei ya shamba. Shamba hulili kwa siku moja.

Pili tusifanye utajiri kuwa dhambi. Nchi hii tumeumia sana kwa kumwangalia mwenye nacho kama mwizi. Na wapo matajiri waliotoa kweli kweli, someni habari za Chuck Feeney, Mmarekani alietajirika kwa maduka yasiyotozwa ushuru kwenye viwanja vya ndege, katoa zaidi ya dola bilioni 8, miaka mingi alitoa bila hata kutaja jina lake, mfuko wake ukafungwa 2020 kwa sababu hela imeisha yote, yeye kafariki 2023 na alikuwa anaishi nyumba ya kupanga. Mtu kama huyo utamlaumu kwa lipi?

Na la tatu dada, anaekuchukulia wateja sio Amazon, Amazon haijafungua duka hapa kwetu. Ni apu za China na kurasa za Instagram. Tuwe wakweli kwenye hilo.

Mwalimu Mstaafu, Chamwino

Nawasalimu wanangu. Mkaguzi nimekusoma, umeandika vizuri, na mimi sitaki kukubishia kwa chuki mana nimeyaona yote mawili.

Nilikuwa mtoto Operesheni Dodoma ya 1971 ilipotuhamishia vijijini. Hapa Chamwino Mwalimu Nyerere alikuja mwenyewe kufyatua matofali na wanakijiji, wazee wangu walikuwepo. Azimio la Arusha 1967 lilikuwa limeshasema kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Tuliamini. Alafu nikaja kuwa kijana miaka ya 80, nikasimama foleni ya sabuni na sukari kuanzia saa kumi usiku, na 1983 nikaona vita ya wahujumu uchumi, wenye maduka wanatupa bidhaa mashimoni na vichakani usiku wasikamatwe nazo, na sisi wateja hatukupata hata kipande cha sabuni kwa kukamatwa kwao. Kwahiyo mtu asije kuniambia ukimchukia mfanyabiashara ndo rafu za duka zitajaa. Hazikujaa.

Lakini Mkaguzi, hilo la hisa ulilolitaja kama utetezi mimi naliona ndo penyewe penye tatizo. Juni 2021 waandishi wa ProPublica kule Marekani walipata kumbukumbu za kodi za matajiri wao wakubwa na kuzichapisha, ikaonekana Bezos 2007 na 2011 hakulipa hata senti ya kodi ya mapato ya serikali kuu yao. Na hakuvunja sheria! Sheria inatoza kipato, na hisa isiyouzwa haihesabiwi kipato, inapanda tu thamani. Wenye mali nyingi wanaweza kukopa benki kwa dhamana ya hizo hisa wakatumia mkopo, na mkopo nao sio kipato. Sasa njoo kwa huyu Mama Sare, TRA watu wa kodi wanamkadiria, leseni ya halmashauri kalipa, taka kalipa, pango la fremu kalipa, yote hayo kabla hajajua kama Januari itauza au haitauza.

Sasa kwenye swali lake la kutoa. Kodi inaingia kwenye fungu moja, mnakaa watu mliochaguliwa mnabishana, kisima kiende Bahi au kiende Kongwa, na mimi mstaafu naweza kumpigia mbunge wangu kelele. Sadaka ya tajiri inakwenda anakotaka yeye. Akipenda nyota, inakwenda angani, na kweli Julai 2021 Bezos alikwenda huko na chombo chake. Akipenda misitu, inakwenda misituni. Inaweza ikawa njema kabisa, sikatai, lakini mimi na wewe hatukuulizwa. Nimefundisha miaka 34 na shuleni tulikuwa tunapokea misaada, siku moja tukaletewa kompyuta 20 na shule haina umeme. Tulizipokea kwa ngoma. Zikakaa stoo mpaka panya wakala nyaya. Tulichokuwa tunahitaji ni matundu ya vyoo vya wasichana, kila mtu pale kijijini alijua, ila hakuna alietuuliza.

Mkaguzi wa Mtumba

Mwalimu shikamoo. Kwenye kodi nakupa nusu, sheria ikiwa na tundu lawama ni ya aliyeandika sheria. Ila hiyo ya kompyuta na vyoo imenigusa, nami nimesoma shule ya hivyo hivyo Manyoni.

Binti wa Ng'ong'ona

Mama Sare shikamoo, na Mwalimu pia shikamoo. Mimi ni mwanafunzi UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, mwaka wa tatu na niseme wazi kwamba mimi ndo hao wa kurasa za Instagram mnaowasema, kwahiyo mama ukitaka kunikasirikia nipo hapa hapa.

Nilianza mwaka wa kwanza sababu boomu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) lilichelewa na nyumbani hawana kitu. Navaa kiatu namba 42, tangu nabalehe sijawahi kupata kiatu cha kike Dodoma hii, Majengo nimezunguka, Sabasaba nimezunguka, wauzaji walikuwa wananicheka mbele ya watu. Kwenye apu nikaandika 42 vikaja vya kila rangi. Nililia, sitanii. Nikajua wapo wengine kama mimi, nikafungua ukurasa. Sasa hivi nina wateja mpaka Kibaigwa, mpaka Kondoa, dada mmoja mwenye ualbino ananunua kwangu kofia pana na mashati ya mikono mirefu ya kuzuia jua, anasema madukani alikuwa anapata kofia za watoto tu au za wanaume.

Watu wanaona ni kubonyeza simu tu. Unakusanya oda, unamlipa wakala, mzigo wa ndege unalipia kwa kilo, wa meli kwa ujazo na unasubiri mwezi na nusu mpaka miwili na wateja wanakupigia kila siku utafikiri umewaibia, ukifika Kariakoo kuna mtu ananipandishia kwenye basi, hapo bado boda. Kwenye kiatu cha 35,000 mimi nabaki na 4,000 au 5,000. Na oda yangu ya kwanza kabisa niliibiwa, ukurasa mmoja ulipokea 85,000 yangu ukanizuia siku ile ile, nikala uji wiki tatu.

Kwahiyo mama mimi sikubali kwamba kununua onlaini ni dhambi. Kwa mtu wa mkoani kama sisi imetufungulia dunia, zamani mpaka uwe na ndugu Dar. Ila swali lako la nani anajaziwa limenikosesha usingizi jana mana nilipiga hesabu, kwa kila kiatu mwenye apu anakata chake bila kunijua, mwenye kago anakata, mtandao wa simu unakata kwenye muamala, na mimi niliepigiwa kelele na mteja ndo nabaki na ya bando.

Mhasibu aliesimamishwa

Naomba niongelee kutoa mana ndo ilikuwa kazi yangu miaka 9, nilikuwa mhasibu kwenye shirika la afya hapa Dodoma, silitaji.

Hela ya wafadhili inakuja imegawanywa kwenye mafungu na huwezi kuhamisha bila kibali. Nimekaa ofisini kuna milioni 40 za semina na hakuna shilingi ya dizeli ya kupeleka dawa Chipogolo. Semina tulifanya, chai na sambusa, mabango yenye nembo, picha za ripoti. Dawa zikakaa. Muuguzi ananipigia mhasibu mgonjwa wangu hajameza siku nne, namwambia fungu lako limeisha. Hayo maneno nimeyasema mimi kwa mdomo wangu na bado yananiuma.

Ndo mana namheshimu MacKenzie Scott, aliekuwa mke wa Bezos. Walipoachana 2019 akabaki na sehemu ya hisa za Amazon, mwaka huo huo akasaini ile ahadi ya Giving Pledge iliyoanzishwa 2010 na Bill Gates, Melinda na Warren Buffett, ya kutoa angalau nusu ya mali. Bezos mwenyewe hakusaini. Huyu mama mpaka kufikia mwisho wa 2024 alikuwa ameshatoa zaidi ya dola bilioni 19 kwa mashirika zaidi ya 2,000, na anatoa bila kukupangia matumizi. Ukitaka dizeli nunua dizeli. Kwa mtu wa nje inaonekana jambo dogo, kwa sisi tuliokaa kwenye zile ofisi ni kama mtu amekufungua kamba.

Lakini Mwalimu yuko sahihi kwenye jambo moja kubwa. Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada yao ya nje kwa sahihi moja, na hiyo sio hata hela ya tajiri, ni ya serikali. Sisi tuliambiwa Jumatatu tusije kazini. Wenzangu 30 na kitu. Wale wahudumu wa jamii wanaotembea kwa baiskeli kuwakumbusha watu dawa, wakakaa nyumbani. Sikuwahi kuona kwa macho namna hii kwamba uhai wa mtu wa Mpwapwa unaweza kuning'inia kwenye kalamu ya mtu asiejua Mpwapwa iko wapi. Na mimi ndani ya hiyo kazi nilikuwa nakula mshahara mzuri tu, nakiri.

Mnyaturu wa Singida

Mbona mnaongelea matajiri wa Marekani tu, wa kwetu yupo. Mohammed Dewji kazaliwa huku huku Singida 1975, tulimchagua ubunge Singida Mjini 2005 mpaka 2015, na 2016 amesaini hiyo hiyo ahadi ya nusu ya mali, Mtanzania wa kwanza. Mimi nampongeza kwa dhati. Ila ukiingia dukani kwa mangi ukaangalia sabuni, mafuta, unga, soda, kanga, nyingi ni zake, kwahiyo hiyo nusu atakayorudisha imetoka mifukoni mwetu kwa mia mia. Sisemi katuibia, bidhaa tumepata. Nasema tu akitoa tupokee kama watu wanaojua hela ilikotoka, tusipige magoti. Huku tunalima alizeti, bei ya gunia hatupangi sisi, mtu akituuliza msaada gani mnataka nadhani wengi tungejibu bei.

Abu wa Kondoa

Assalaam alaykum na Bwana Yesu asifiwe kwa mama.

Mama Sare umeuliza tupime kwa alichotoa au kilichobaki. Sisi Waislamu kwenye zaka hilo limepimwa zamani. Mali ikifika kiwango na ikazungukiwa na mwaka, unatoa sehemu moja ya arobaini, yani asilimia 2.5. Na angalieni inatozwa kwenye nini, inatozwa kwenye mali uliyoikalia, sio faida ya mwaka peke yake. Bidhaa za biashara zilizoko rafuni zinahesabiwa. Ile hoja ya Mkaguzi kwamba hisa sio hela, kwa mwenye kuhesabu zaka haimtoi, wanazuoni wamejadili namna ya kuzihesabu lakini hawakusema achana nazo. Na haiitwi msaada, ni haki ya maskini iliyochanganyika na mali yako, ukiikalia umekalia cha mtu. Ndo mana anaepokea halazimiki kusema asante mara mbili mbili, na anaetoa hapaswi kupigiwa picha.

Nikafanya hesabu kwa huyo bwana, japo si muumini wa dini yangu na simlazimishi. Asilimia 2.5 ya dola bilioni 200 ni bilioni 5, kwa shilingi ya mama ni trilioni 12.5, kila mwaka. Zile bilioni 10 za mazingira alizosifiwa dunia nzima ni zaka ya miaka miwili tu. Baada ya hapo bado mwaka wa tatu unadaiwa.

Na kuhusu sadaka inayobaki, mimi nikija Dodoma naswali pale msikiti wa Gaddafi, umejengwa kwa fedha za Libya ukafunguliwa 2010. Mwaka uliofuata Gaddafi, kiongozi wa Libya, akauawa. Kila nikiingia namwombea na pia namuogopea, mana zile zilikuwa fedha za watu wa Libya na mimi sijui kama waliulizwa. Nimeshindwa kulimaliza hili moyoni.

Boda Jamatini

Me sina maneno mengi. Mizigo ya onlaini naibeba mimi. Napewa 3,000 kwa Nkuhungu, 5,000 kwa Ihumwa, mteja hapokei simu nageuza nayo mafuta yangu. Nilipoanguka Septemba nikavunjika mguu pale mzunguko wa kwenda Kisasa, walionichangia ni madereva wenzangu wa kijiwe na wamama watatu wa maduka ya Majengo. Wenye mizigo walituma ujumbe wa kuuliza mzigo uko salama. Siwalaumu, hawanijui. Nasema tu ilivyokuwa.

Binti wa Ng'ong'ona

Kaka Boda pole sana, nimesoma mara mbili. Mimi boda wangu nilikuwa namjua kwa namba ya simu tu. Leo nimemuuliza jina.

Mama Sare (Majengo)

Nimesoma yote, mengine nimesomewa na binti yangu mana macho usiku yananisumbua. Asanteni, hamkunidharau.

Abu, umenifanya nifanye kitu. Mimi Mkristo na nyumbani tunatoa fungu la kumi, ila sijawahi kuhesabu duka lote lililopo rafuni. Jana nimefunga mapema nikahesabu, sweta moja moja, soksi pea pea, nikapata milioni 4.8. Sehemu ya arobaini ni 120,000. Nikatoa daftari la madeni, lile la kijani, nikaangalia Januari hii peke yake sare nilizowapa watu kwa mali kauli nikajua kabisa hazitalipwa. Bibi wawili wanaolea wajukuu, baba mmoja wa Chang'ombe mke wake amefariki, na yule yule bibi wa mlenda, wajukuu zake wawili nimewavalisha kuanzia sweta mpaka viatu. Imekuja 340,000. Sijawahi kuita sadaka. Nilikuwa naita hasara na mume wangu tunagombana kwa ajili yake kila mwisho wa mwezi.

Na Boda, yule mwenye fremu ya pembeni na yangu ndo alikuwa anapitisha bakuli siku ile, nakumbuka. Nilitoa 5,000. Sikujua ni wewe. Mguu umepona?

Kwaiyo Mkaguzi mimi sijamchukia yule bwana wa Venice na ushahidi wako wa yule mzee wa maduka ya viwanja vya ndege nimeupokea, nimemuombea. Ila nimejua kwa nini nilikosa raha. Mimi nikifunga duka, wale wajukuu wa bibi hawapo kwenye apu yoyote. Apu haijui kwamba yule mtoto ni yatima, inajua namba ya kadi tu. Na hakuna tajiri wa huko atakaekuja kutoa milioni 5 za sweta za Majengo kwa sababu hajui kwamba hapa Juni na Julai upepo wa asubuhi unawatetemesha watoto njiani. Mimi najua mana wanapita mlangoni kwangu.

Yule mama wa viatu nimeamua akirudi namuuzia kwa bei ya kule, elfu 6 napunguza, nione faida itabaki ngapi. Ikibaki hata 2,000 naendelea. Isipobaki nitawaambia.

Binti wa Ng'ong'ona, wewe sijakukasirikia mwanangu. Hiyo namba 42 ungekuja kwangu ningekutafutia Dar, lakini najua ungecheka na mimi nisingeipata. Nifundishe kuweka picha kwenye stetasi, nimejaribu zinatoka zimelala.

Binti wa Ng'ong'ona

Jumamosi nina kipindi kimoja tu asubuhi, nikitoka napanda daladala nakuja. Hizo sweta za kijani za shule za msingi unazo? Dada yangu Kongwa ana mapacha wanaanza darasa la kwanza wamechelewa na kule saizi yao imeisha, nataka mbili, namtumia na basi.

Mama Sare (Majengo)

Zipo. Namba 24 au 26? Nipimie urefu wa mkono kutoka begani.